Ukuta wa Mbao Unadai Kuliko Mwenye Nyumba

Kule Marekani, ukuta wa nje mara nyingi huvalishwa plastiki. Unaimwagia maji ya sabuni, unaisugua, unaingia ndani kulala. Sisi wa Goma tuna mkaratusi. Mti uliokunywa milima mizima na sasa unataka kuyarudisha maji hayo ukutani kwako, polepole, bila haraka ya mtu.

Muuzaji anaapa: "Baba, hii imekauka kabisa!" Na chukudu iliyoileta, ile baiskeli ya mbao ya kusukumia mizigo, inalia kwa uzito. Usibishane naye. Omba nyundo, gonga msumari mmoja. Maji yakichungulia pembeni ya msumari, hiyo bado si mbao, ni mti ambao haujapewa habari kwamba umekatwa. Ipange chini ya manjanja, yaani mabati, vijiti kati ya mbao na mbao hewa ipite, uhesabu miezi, si siku. Ukiipigilia mbichi itanywea palepale ukutani na kuacha nafasi, na jirani atajua umepika sombe au ndizi kabla hujafunua sufuria.

Kwa nafasi hizo ndipo kuvrejua huwekwa, ule ubao mwembamba wa kufunika. Hapo fundi anafurahi, anapiga misumari kushoto na kulia, kwenye mbao zote mbili! Kiangazi kikija kila mbao inavuta kwake, kama warithi wa kiwanja, na kuvrejua inapasuka katikati. Msumari upite kwenye nafasi yenyewe, kati ya mbao mbili, uingie kwenye shevro, boriti ya nyuma. Mbao zicheze, kuvrejua itulie. Karibu na ncha ya ubao toboa kwanza, maana mkaratusi hupasuka hata ukiutazama vibaya.

Na msumari uwe wa zinki. Ule mweusi wa kawaida ukilowa, chuma chake kinakutana na tanini, ile kemikali ya asili iliyo ndani ya mkaratusi, na chini ya kila kichwa cha msumari linashuka chozi jeusi. Ukuta mzima unalia kama uko kwenye matanga. Ongeza moshi wa volkano yetu Nyiragongo, unaotia mvua asidi: unatafuna manjanja juu ya kichwa chako, utauonea huruma msumari?

Lakini kesi kubwa iko chini. Mbao haiozi katikati ya ukuta, inaoza miguuni. Manjanja yasiyo na mfereji yanamwaga maji, maji yanagonga makoro, yale mawe ya volkano, yanaruka, yanalamba ncha za mbao usiku kucha. Ncha iliyokatwa hunywa maji kuliko uso wa ubao, ni mdomo wazi kabisa. Kwa hiyo ukuta uanze angalau santimita 30 juu ya ardhi, juu ya msingi wa mawe, na kila ncha ipewe rangi mara mbili kabla haijapigiliwa. Baada ya hapo utaipakaje?

Kama imeshaoza, chukua turnavisi, yaani bisibisi, choma. Ikiingia kama kwenye ndizi iliyoiva, usibomoe ukuta mzima kumtajirisha fundi. Kata sehemu mbovu, zidisha santimita chache ndani ya mbao nzima, na msumeno uulaze ili mkato uteremke kwenda nje. Kipande kipya kikatwe kwa mlalo uleule. Ukikata bapa, umejenga kidimbwi, na utarudi hapo mwaka kesho.

Halafu kuna wataalamu wa vidange. Oili chafu ya injini, ukuta mweusi, ati dawa! Inasukuma maji kidogo, kweli. Inachafua pia kila shati linaloegemea, inanuka, na jiko la makaa lililowekwa karibu nayo ni mashaka matupu. Siku ukitaka rangi ya kawaida, haitashika juu ya mafuta. Utaparuza mpaka ukonde.

Rangi yenyewe haina maneno mengi. Piga brashi, osha, acha ukuta ukauke siku kadhaa, pita na karatasi ya msasa. Mkono wa kwanza uwe mwepesi, wenye dilua ya kulainisha rangi, upenye ndani, kisha mikono miwili mizito. Juu ya mbao yenye unyevu itavimba malengelenge na kubanduka kama ngozi ya nyoka.

Ndiyo maana watu hungoja kiangazi, Juni mpaka Agosti. Asubuhi unapaka nyeupe safi. Saa nane pikipiki tatu zinapita, vumbi jeusi la volkano linainuka na kutua juu ya rangi mbichi, taratibu, kama limealikwa. Na mwenye ukuta wa vidange amesimama mlangoni kwake, anatabasamu.