Daftari la airisi na miche tunayoitupa

Wanaochavusha kwa mkono airisi zenye ndevu, yaani maua ya bustani yenye mstari wa manyoya kwenye petali zinazoinama, wana ubishi wa siku nyingi. Upande mmoja unasema jicho linatosha: chagua maua mawili mazuri, hamisha chavua, panda mbegu, bakiza mche bora, mingine ng'oa. Upande wa pili haugusi ua bila kalamu. Mimi niko na wenye kalamu, lakini naona wengi wao wanaandika majina ya wazazi na kuliacha jambo lenye faida zaidi: hesabu ya miche yote, hata ile wanayoing'oa.

Wenye jicho wana historia upande wao. 'Mme Chéreau', ua jeupe lenye ukingo wa buluu, lilitolewa na mzalishaji wa maua Lémon huko Ufaransa mwaka 1844. Wazazi wake hawajulikani, na bado linapandwa hadi leo. Airisi huenezwa kwa kugawa shina lake nene linalotambaa, kwa hiyo ua zuri likishapatikana halihitaji nasaba ili liendelee kuwapo.

Hoja yao ya pili ni nzito zaidi. Nasaba iliyoandikwa inaweza kuwa si kweli. Nyuki akikutangulia, au kibandiko kikifutwa na mvua, daftari litataja baba asiye baba. Jumuiya ya Airisi ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1920 na ambayo ndiyo husajili majina ya airisi zenye ndevu kimataifa, huandika wazazi kama mzalishaji mwenyewe alivyowataja. Kosa likishaingia, vizazi vinavyofuata hulirithi kwenye karatasi. Kwa nyuki dawa ipo: kabla ua halijafunguka, toa stameni, yaani sehemu zenye chavua, pamoja na petali zinazoinama, maana hapo ndipo anapotua. Kibandiko nacho kisaidiwe na ramani ya tuta iliyochorwa daftarini.

Hizo ni sababu za kuandika kwa uangalifu. Hazitoshi kuwa sababu za kuacha kuandika, na anayetaka kujua kwa nini aangalie kromosomu, nyuzi ndogo ndani ya seli zinazobeba sifa za urithi.

Airisi ndefu za bustani za karne ya 19 zilikuwa na kromosomu 24, yaani seti mbili. Za leo karibu zote zina 48, seti nne. Badiliko hilo lilianza pale airisi kubwa kutoka Asia Ndogo zilipoingizwa katika uzalishaji wa aina mpya, kazi ambayo Michael Foster wa Uingereza alikuwa miongoni mwa walioianzisha. Maua yakawa makubwa na mashina yakapata nguvu. Hesabu ya urithi nayo ikawa ngumu mara nyingi zaidi.

Chukua rangi ya waridi yenye ndevu za rangi ya chungwa. Inatokana na jeni inayojificha, ambayo mimea huionyesha pale tu nafasi zote nne zinapokuwa nayo. Mmea wenye nakala mbili kati ya nne hauonyeshi dalili yoyote, hata ukiutazama kutwa. Yai hubeba nusu tu ya seti nne, na chavua nusu nyingine; ukiuchavusha mmea huo kwa chavua yake wenyewe, uwezekano wa yai kupata nakala zote mbili zinazohitajika ni 1 kwa 6, na wa chavua vilevile. Kwa hiyo mche wa waridi hutoka mara 1 kwa 36. Katika airisi ya seti mbili, yenye nakala moja iliyojificha, ingekuwa 1 kwa 4. Ukitaka uhakika wa asilimia 95 wa kuona angalau mche mmoja wa waridi, kwa seti mbili unahitaji miche 11, na kwa seti nne miche 107 au karibu na hapo. Nani ana nafasi ya kuotesha miche 107 kwa uchavushaji mmoja, kisha kusubiri miaka miwili au mitatu ichanue?

Wapo watakaosema hesabu hii ni ya kitabuni, kwamba kromosomu hazigawanyiki kwa unyoofu huo kila mara. Ni kweli, na inafaa kukumbukwa. Hata hivyo, makadirio yenye mapengo bado yanamwongoza mtu kuliko kukosa makadirio kabisa.

Paul Cook, mzalishaji wa airisi wa Marekani, hutajwa sana katika ubishi huu. Alichanganya spishi fupi, Iris reichenbachii, na airisi ndefu, akapata 'Progenitor', iliyosajiliwa mwaka 1951. Anayechagua kwa uzuri peke yake asingeubakiza mmea ule. Lakini ulibeba mpangilio wa petali za juu zilizopauka na za chini zenye rangi, na ulipitisha sifa hiyo kwa watoto kama sifa inayotawala. Mwaka 1958 ikatoka 'Whole Cloth' kutoka ukoo huo, na mwaka 1962 ikapata Nishani ya Dykes, tuzo ya juu ya airisi. Jicho ndilo lililoona, nakubali. Kujua asili ya mmea ndiko kuliupa nafasi ya kubaki tutani.

Sasa nirudi kwenye kile kisichoandikwa. Usajili huhifadhi washindi. Miche iliyong'olewa haimo popote, ilhali ndiyo inayosema zaidi kuhusu wazazi. Tuseme umeuchavusha mmea wako kwa chavua yake mwenyewe, ukapata miche 40, na hakuna wa waridi. Kama kweli una nakala mbili zilizojificha, matokeo hayo yangetokea karibu mara 32 kwa 100, kwa hiyo bado hujajua kitu. Rudia mwaka wa pili na wa tatu, miche 40 kila mara, bila wa waridi. Anayetegemea kumbukumbu ya kichwa ana misimu mitatu ya bahati mbaya. Mwenye daftari ana miche 120, na uwezekano wa kukosa wa waridi kama mmea una nakala mbili umeshuka hadi kama 3 kwa 100. Anaweza kuuacha mmea ule kwa moyo mweupe.

Au anaweza kuujaribu kwa njia fupi, kwa kuuchavusha na airisi ya waridi. Hapo nakala mbili zilizojificha zitatoa mche wa waridi mara 1 kwa 6, na miche 17 hutosha kufikia uhakika uleule wa asilimia 95. Mstari anaouhitaji daftarini ni mfupi: mama, baba, mwaka, mbegu ngapi, zilizoota ngapi, zilizochanua ngapi, rangi gani na ngapi za kila moja. Zikiwemo zilizoishia kwenye lundo la mboji.