Mbegu nne juu ya paa na sheria yenye haraka

Kwa jicho la sheria ya kimataifa, mbegu ya bangi si bangi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 kuhusu dawa za kulevya unasema bangi ni vichwa vya mmea vilivyotoa maua au matunda, na unaziacha nje mbegu na majani vikiwa peke yake. Nchi nyingine zimeikaza tafsiri hiyo, nyingine zimeiacha ilivyo, ndiyo maana kuna mahali mbegu husafiri kwa posta kama mbegu za maua ya bustani. Ila iloweshe, ipasuke, itoe kimzizi cheupe: sasa una mmea, na mmea unahesabiwa.

Hesabu hiyo ndiyo inayonishughulisha. Mjadala wa kulima bangi nyumbani umezoeleka kuwa wa ndiyo au hapana, na katika sehemu kubwa ya dunia jibu bado ni hapana yenye kifungo nyuma yake. Lakini zipo nchi zilizokwisha kusema ndiyo, na huko ndiko unakoona sheria ilipoandikwa ilikuwa ikimfikiria nani. Mkulima wa mbegu hakufikiriwa. Namzungumzia yule aliyeunda kitalu nyumba juu ya paa lake kwa mbao na nailoni, akaotesha punje chache kwenye ndoo, akaliachia jua kazi ya taa. Kati ya wote wanaolima bangi kwa ruhusa, sidhani kama kuna anayeisumbua dunia kidogo kuliko huyu, na sheria ndiyo inayombana kuliko wote.

Canada, iliyohalalisha tarehe 17 Oktoba 2018, inaruhusu mimea 4 kwa nyumba. Malta, tangu Desemba 2021, ni 4 vilevile. Ujerumani, tangu tarehe 1 Aprili 2024, ni 3 kwa kila mtu mzima. Luxembourg, tangu Julai 2023, ni 4 kwa kaya, tena sheria yake inataka mimea hiyo iwe imetokana na mbegu. Kwa hiyo hapo mtu hana hata njia ya kukata tawi la mmea unaojulikana kuwa jike akaliotesha mizizi. Apande punje, asubiri.

Asubiri nini? Mbangi ni kama mpapai: kuna dume na kuna jike, na punje haisemi. Anachokitaka mkulima kimo kwenye maua ya jike. Dume hutoa chavua, na chavua ikilifikia jike, nguvu za mmea zinahamia kwenye kutengeneza mbegu. Mwisho wa msimu unavuna punje nyingi na maua dhaifu. Jinsia huanza kujitokeza kwenye vifundo vya shina mmea ukiwa na wiki 4 hadi 6, na mingine hungoja hadi usiku urefuke. Muda wote huo mtu anamwagilia, anahamishia kwenye ndoo kubwa, anafukuza utitiri, na hajui analea nani.

Sasa tupige hesabu ambayo nadhani waandishi wa sheria hawakuipiga. Mbegu ya kawaida ina nafasi nusu kwa nusu. Chukua kaya 16 zinazotii, kila moja ioteshe mbegu zake 4 na isizidishe hata moja. Kwa wastani kaya 1 itaambulia madume matupu. Kaya 4 zitapata jike moja tu. Ni kaya 5 kati ya 16, karibu theluthi, zinazomaliza msimu na jike moja au bila jike kabisa, ingawa karatasi inasema zina haki ya mimea minne. Kwa ukomo wa 3, mtu mmoja katika kila 8 anang'oa ndoo zote tatu. Na anayetaka uhakika wa zaidi ya mara 9 katika 10 kwamba atabaki na majike manne, anapaswa kuotesha mbegu 12. Kwa mwezi mmoja na nusu huyo ana mimea mara tatu ya kiwango. Haifiki magotini, haina ua hata moja, mingi yake anajua kabisa ataing'oa kwa mkono wake. Askari akipanda ngazi wiki hiyo, amekuta mhalifu. Akipanda wiki mbili baadaye, amekuta raia mwema mwenye majike manne.

Hilo ndilo jambo linalonikera. Tofauti kati ya hao wawili ni tarehe tu.

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba mtu anunue mbegu za jike. Zipo, na zinafanya kazi: wazalishaji hulilazimisha jike kwa dawa litoe chavua, chavua hiyo ikachavusha jike jingine, na watoto karibu wote huwa majike. Kuna pia maabara zinazopima kipande cha jani la mche mchanga na kutaja jinsia. Sawa. Lakini tuone kinachotokea hapo. Haki iliyotolewa kwa raia inageuka haki ya kununua kila msimu kwa mzalishaji. Aliyetunza mbegu zake mwenyewe, au mwenye mbegu za asili ambazo hazijapitia mikono ya makampuni, anasukumwa pembeni na namba iliyowekwa kwa sababu nyingine kabisa. Na hizo mbegu za jike nazo si kiapo: mmea jike ukipata msukosuko, joto likizidi ndani ya nailoni au ukikosa maji siku mbili tatu, unaweza kutoa maua ya dume juu ya mwili ule ule. Paa la mchana wa jua kali ni mahali pazuri sana pa kupatia msukosuko.

Njia ya kuandika vizuri zaidi ilikwishapatikana zamani. Wapiga kura wa Colorado, jimbo la Marekani, mwaka 2012, waliruhusu mimea 6 kwa mtu mzima, isiyozidi 3 ikiwa imekomaa na kutoa maua. Uruguay, iliyopitisha sheria yake Desemba 2013, inahesabu majike 6 yenye maua kwa nyumba. Colorado inampa mkulima nafasi ya kukosea mara tatu. Uruguay inahesabu kile hasa ambacho mkataba wa 1961 ulikiita bangi. Inaonekana ni suala la maneno machache tu, lakini maneno hayo ndiyo yanayomtofautisha mkulima wa mbegu na mtuhumiwa.

Upande wa pili una hoja, tena si za kubeza. Iliyo nzito kuliko zote ni ya askari mwenyewe. Kuhesabu hadi nne kunawezekana kwa yeyote. Kutambua kama mmea umeanza kuchanua au bado ni kazi inayozua ubishi mlangoni, na ubishi mlangoni huwa unamuumiza mnyonge. Namba kavu ina haki yake ya kipekee: haimchagui mtu. Colorado yenyewe inatoa fundisho. Wagonjwa wanaotumia bangi kama tiba na walezi wao waliwahi kuruhusiwa mimea mingi, hadi 99 kwa mtu katika hali fulani, na nyumba za kawaida zikageuka mashamba ya kulisha soko la magendo. Kuanzia tarehe 1 Januari 2018 jimbo likaweka ukomo wa mimea 12 kwa nyumba. Anayesema ukomo ni kisirani cha serikali asome historia hiyo kwanza. Mimi sipingi ukomo. Napinga ukomo unaohesabu miche kana kwamba ni mavuno.

Quebec ilikwenda mbali zaidi: ilikataza kabisa kulima nyumbani, ingawa sheria ya Canada nzima inaruhusu, kwa sababu ilitaka wateja wote wapitie duka la serikali ambako umri unaangaliwa na nguvu ya bidhaa inaandikwa. Mahakama ya Juu ya Canada ililikubali katazo hilo Aprili 2023. Jimbo la Washington, nchini Marekani, lina maduka halali na bado halimruhusu mtu wa kawaida kupanda nyumbani kwa starehe yake. Hoja ya afya iliyo nyuma ya mipango hii ni ya kweli. Utafiti uliochapishwa na jarida la Lancet Psychiatry mwaka 2019, uliokusanya wagonjwa kutoka vituo 11 vya Ulaya na Brazili, ulikuta kwamba wanaovuta kila siku wana uwezekano wa kupata ugonjwa wa saikosisi, yaani wa akili kupoteza mguso na uhalisia, mara tatu hivi ya wasiovuta kabisa, na wanaovuta kila siku bangi kali ni karibu mara tano. Bangi ya kwenye ndoo haina lebo. Aliyeipanda hajui nguvu yake, na kijana wa nyumba hiyo hatajua pia.

Hapo sina la kujibu zaidi ya kufuli, na kufuli ni jibu dogo. Lakini hoja hiyo inahusu umri na nguvu ya kilichovunwa, haihusu idadi ya miche. Ukiipeleka kwenye hesabu ya miche, haimlindi kijana yeyote.

Pipa la mavuno nalo lina mkasa wake. Ujerumani inaruhusu mtu mzima kuwa na gramu 50 zilizokauka nyumbani. Mbangi huchanua usiku unaporefuka, kwa hiyo katika nchi zenye majira, anayetegemea jua huvuna mara moja kwa mwaka, wakati wa vuli. Mmea mmoja uliostawi kwenye kitalu nyumba unaweza kuvuka gramu 50 peke yake. Mkulima wa jua, aliyekaa miezi yote bila kitu, anavunja sheria katika wiki moja ya mavuno asipoteketeza ziada, ilhali anayelima ndani kwa taa, akivuna kidogo kidogo kila baada ya miezi michache, anapita salama. Uruguay imeweka gramu 480 kwa mwaka. Ukigawa kwa 12 ni gramu 40 kwa mwezi, kiasi kile kile anachoruhusiwa anayenunua duka la dawa. Huko mtunga sheria alikumbuka kwamba shamba lina msimu.

Ajabu yenyewe ni kwamba taa ndizo zilizostahili kubanwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado walionyesha mwaka 2021 kwamba kilo moja ya maua makavu yaliyolimwa ndani nchini Marekani huzalisha gesi joto sawa na kilo 2,283 hadi 5,184 za kaboni dioksidi, kutegemea mahali. Kiwango cha chini hapo ni sawa na kuchoma lita elfu moja hivi za petroli. Sehemu kubwa inakwenda kwenye taa na kwenye kupasha, kupoza na kukausha hewa. Kweli, hizo ni hesabu za mabanda ya kibiashara, na kitalu nyumba kinachopashwa joto majira ya baridi hakina usafi wa kujisifia. Lakini nailoni na jua, bila hita wala taa, ni jambo jingine kabisa. Hata hivyo sheria inayohesabu mimea na kufumbia macho umeme inamvuta mkulima kuelekea kwenye chumba chenye taa, ambako anaweza kulea vipandikizi vya jike, kupanga mavuno na kutoonekana na mtu.

Paa lenyewe ni mahali pa kutatanisha. Luxembourg inataka mimea isionekane kutoka barabarani, na paa linatimiza sharti hilo vizuri, isipokuwa kwa anayekaa ghorofa ya juu zaidi ng'ambo. Afrika Kusini, katika hukumu ya Mahakama ya Katiba ya tarehe 18 Septemba 2018, ilikuwa na upana zaidi: mahakama ya chini ilikuwa imezungumzia nyumba ya kuishi, mahakama ya juu ikasema mahali pa faragha. Kwa mwenye paa, maneno hayo mawili yana tofauti kubwa.

Ila faragha ina uzito, nao unapimwa kwa kilo. Ndoo ya lita 20 yenye udongo uliolowa inakaribia kilo 30. Ndoo 12, pipa la maji la lita 200 na mkulima mwenyewe ni zaidi ya nusu tani, juu ya paa ambalo huenda lilijengwa kubeba mvua tu. Nailoni iliyotandazwa kwenye fremu ya mbao isiyofungwa sawasawa ni tanga. Upepo ukiipata, inakwenda na mbao zake kwa jirani. Unyevu ukifungiwa humo, ukungu wa kijivu unaoza maua kuanzia ndani kabla mwenyewe hajashtuka. Na harufu wiki za mwisho haina kufuli. Haya yote ni mambo ya ujirani na ujenzi kuliko ya dawa za kulevya, na ndiyo ambayo sheria za bangi zinayagusa kwa mstari mmoja au haziyagusi kabisa.

Ningekuwa na kalamu ya mtunga sheria, ningeacha namba nne ilivyo, niongeze baada yake maneno "yenye maua". Mavuno ningeyahesabu kwa mwaka. Kitalu cha juu ya paa kiwe na mlango unaofungwa, na karatasi iliyosainiwa na kila anayeishi chini ya paa hilo, mwenye nyumba na wapangaji. Wa ghorofa ya chini akikataa kusaini, ndoo zishuke.