Taunyane na Mashiani: walikwenda kukimbia au kutazamwa?

Len Taunyane na Jan Mashiani, Watswana wawili kutoka Afrika Kusini, hutajwa kuwa Waafrika weusi wa kwanza kushindana katika Olimpiki, kwenye marathoni ya St. Louis, Marekani, mwaka 1904. Wapo wanaoikataa heshima hiyo. Wanasema wawili hao hawakupelekwa Marekani kukimbia, walipelekwa kutazamwa. Hoja hiyo ni nzito, na mimi ningeanza nayo.

Olimpiki ya mwaka ule ilifanyika pembeni ya Maonesho ya Dunia. Ndani ya maonesho hayo kulikuwa na onesho la Vita vya Makaburu, yaani vita vya Waingereza na Makaburu huko Afrika Kusini, na humo ndimo Taunyane na Mashiani walimokuwa wakifanya kazi. Hakuna kamati ya taifa iliyowachagua, na Muungano wa Afrika Kusini wenyewe ulizaliwa mwaka 1910. Tena, mwezi huohuo wa Agosti, waandaaji walifanya walichokiita Siku za Anthropolojia: watu waliokuwa wakioneshwa pale, wakiwemo Wambuti wa misitu ya Kongo, waliambiwa washindane katika michezo ambayo wengi wao hawakuwahi hata kufundishwa, kisha matokeo yakatumiwa kama ushahidi kwamba mzungu ndiye bora. Ukijua hayo, neno “mwanzilishi” linakwama kooni. Hata majina yao hayakuheshimiwa. Waliandikwa “Lentauw” na “Yamasani”, wakaitwa Wazulu.

Lakini marathoni ya tarehe 30 Agosti haikuwa sehemu ya dhihaka ile. Ilikuwa ni njia ya kilomita 40 hivi, jua kali, vilima, na vumbi la magari yaliyowasindikiza wakimbiaji. Maji yalikuwa adimu njiani, kwa kuwa mwandaaji mkuu, James Sullivan, alitaka kuona mwili unavyohimili kiu. Walianza 32, wakamaliza 14. Fred Lorz alipanda gari sehemu kubwa ya njia, kisha akaingia uwanjani akishangiliwa kama mshindi, hadi alipogundulika. Thomas Hicks aliyepewa ushindi alinyweshwa strikinini, sumu iliyotumiwa kama kichangamshi, pamoja na brandi ili asianguke. Taunyane alimaliza wa 9. Inasimuliwa kwamba mbwa alimfukuza hadi akaiacha njia, na kama si hivyo huenda angekuwa mbele zaidi. Mashiani akawa wa 12.

Kwa hiyo siwezi kukubali kwamba walikuwa maonesho tu. Anayeoneshwa hupangiwa cha kufanya; katika mbio hizi hakuna aliyewapangia wamalize wakati wanaume 18 walishindwa. Na tukisema hawahesabiki kwa sababu waandaaji waliwadharau, tutakuwa tumeikubali dharau ileile na kuifanya kanuni yetu. Kuhusu kutotumwa na taifa, wanariadha wengi wa miaka ile walijiandikisha kwa niaba ya klabu au kwa jina lao wenyewe. Sharti hilo hawawekewi wengine.

Ninachokubaliana na wapinzani ni hiki: wapewe nafasi yao, ila Olimpiki ya 1904 isisifiwe kwa kuwa iliwapokea Waafrika. Mlango haukufunguliwa. Afrika Kusini ilipoanza kutuma timu mwaka 1908 ilituma wazungu, ikaendelea hivyo hadi Roma 1960, mashindano yaleyale ambayo Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni miguu mitupu. Kisha ikafungiwa kwa ajili ya ubaguzi wake, na haikurudi hadi Barcelona 1992. Mashiani na Taunyane hawakuwa na warithi kwa miaka 88.

Mrithi aliyeikamilisha mbio yao alipatikana Atlanta mwaka 1996, huko huko Marekani: Josia Thugwane, mfanyakazi wa mgodini, alishinda marathoni kwa tofauti ya sekunde 3, huku Mkenya Erick Wainaina akichukua shaba. Thugwane akawa Mwafrika Kusini mweusi wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki, na safari hii jina lake liliandikwa sawasawa.