Niliandika NAFASI, Wakaja na Bahasha

Nikiwa mwaka wa pili wa kusomea usanifu wa grafiki hapa Kisumu, mwalimu alitupa kazi ambayo niliona mtoto wa chekechea angeimaliza kabla ya uji wa saa nne. Mabango matano, kila moja lioneshe kanuni moja ya usanifu: ulinganuzi, marudio, mpangilio, ukaribu na nafasi tupu. Sharti lake lilikuwa usichore kitu. Hakuna picha, hakuna rangi ila nyeusi, hakuna maua. Herufi peke yake zifanye kazi, na fonti iwe moja. Halafu kila bango libandikwe nje, mahali watu hupita, ndipo lipigwe picha.

Manne yalikwenda vizuri. Kwa ulinganuzi niliandika MBUTA, yule samaki mkubwa wa ziwani, kwa herufi nene zilizojaza karatasi, na chini ya tumbo lake nikaandika omena, yaani dagaa, kwa herufi nyembamba za kutafuta. Aliyewahi kusimama ufuoni Dunga mitumbwi ya wavuvi ikirudi angeelewa bila kuambiwa. Kwa marudio nilichukua hiyo hiyo omena nikairudia mpaka karatasi ikawa kopo la gorogoro lililofurika. Kwa mpangilio niliandika FOLENI mara kumi na mbili, zote zimenyooka kushoto, isipokuwa moja iliyochomoza pembeni, ndiyo ile inayojifanya imekuja kuuliza swali tu. Kwa ukaribu, DUKA juu kabisa, na MDENI kwenye pembe ya chini, nusura aanguke nje ya karatasi. Hilo lilitoka moyoni.

La tano ndilo lililonitoa jasho. Nafasi tupu ni ule weupe unaoachwa makusudi kuzunguka maandishi ili macho yajue pa kutua. Wanafunzi wengi huuogopa, huujazajaza. Mimi nikaona nitakuwa mjanja: karatasi ya A2, milimita 420 kwa 594, yote nyeupe pe, na kwenye pembe ya chini kulia neno moja tu, NAFASI. Fonti ni Helvetica nene, pointi 144. Kwenye kompyuta inchi moja ni pointi 72, kwa hivyo hizo si herufi za kusomewa na miwani. Nusu saa nzima nilikuwa nikisogeza F na A. Chini ya mkono wa F kuna uwazi, na A ina mguu uliotanuka. Usipousukuma mguu ule uingie chini ya mkono ule, zinakaa kama mume na mke waliokosana kwenye benchi moja.

Jumapili mchana nikapeleka flashi kuchapishwa. Kijana wa pale hakuwa na Helvetica kwenye kompyuta yake, na badala ya kuniita akanichagulia fonti aliyoipenda yeye. Alikuwa anaipenda Comic Sans, ile aliyoichora Vincent Connare wa Microsoft mwaka 1994 akiwaza vitabu vya katuni. NAFASI yangu ilitoka kama mwaliko wa sherehe ya mtoto kutimiza mwaka mmoja.

"Na pale juu palikuwa patupu," akaniambia kwa upole, "nikakuwekea waridi. Hayo sikulipishi."

Kulikuwa na waridi kumi na sita. Nilirudi kwenye kompyuta ya rafiki, nikageuza herufi kuwa mchoro ili asipate cha kubadilisha, nikalipa mara ya pili. Jumla shilingi mia nane, mia nne za waridi na mia nne za weupe.

Sasa nikueleze kuhusu Mama Kuku. Ndiye mwenye ploti ninayopanga mtaa wa Manyatta, na jina hilo wamempa wapangaji kwa sababu ya biashara yake. Kila Jumapili jioni huwahesabu kuku wake kwa sauti, akitazama mlango wangu. Mimi ni mtu wa Kakamega, na sifa zetu kwa kuku zimetutangulia. Jioni hiyo alikatiza hesabu aliponiona nimetandaza karatasi uani.

"Nyathina," yaani mwanangu kwa Kijaluo, "hiyo karatasi yote ni ya neno moja?"

"Ndiyo, mama. Huo weupe ndio kazi yenyewe."

"Umelipa ngapi?"

"Mia nne." Zile nyingine nilizimeza.

"Mia nne, umenunua weupe." Akaguna. "Na kodi bado nusu."

Nikajaribu kumweleza habari ya F na A, jinsi zilivyokuwa zimetengana na nilivyozisogeza. Alinisikiliza kwa huruma ambayo watu huitoa hospitalini.

"Kumbe herufi nazo hukosana," akasema, kisha akaenda kulala.

Geti lake ni jeusi, na karatasi nyeupe juu ya geti jeusi ni picha ambayo hata mpiga picha mbaya hawezi kuiharibu. Nilipanga kuipiga alfajiri, jua likiwa bado laini. Seloteepu ilikuwa imekwisha na maduka yamefungwa, nikakumbuka wale vijana wa kubandika picha za wagombea wakati wa kampeni. Nikakoroga unga wa ngano na maji moto, nikapaka, nikabandika. Gundi ile ukiiona inachemka utadhani ni uji wa mgonjwa. Ikikauka, ni saruji.

Kwenye geti palikuwa na tangazo la Mama Kuku, lililochorwa na mpwa wake kwa rangi nyekundu. KUKU WA KIENYEJ, halafu geti likaisha, na ile I ikaning'inia mstari wa pili kama makanga mlangoni mwa matatu. Chini kabisa: PIGA, na namba ya simu. Karatasi yangu ilifunika kuku, kienyeji na makanga wake. Ikabaki PIGA na namba. Nililiona hilo. Nikajiambia nitaikata kwenye picha.

Hebu soma wewe uliyepita njia ile kwenda kazini, au kutafuta kazi. Geti kubwa. Karatasi safi ya ofisi. NAFASI. Na vidole vinne chini yake, PIGA.

Mwalimu alikuwa ametufundisha wiki nzima kwamba vitu vikikaa karibu, jicho huvisoma kama kitu kimoja. Niliandika maneno hayo kwenye daftari na nikayapigia mstari.

Simu ya kwanza ililia saa kumi na moja na nusu. Ukuta kati yangu na Mama Kuku ni mabati, na simu yake huwa kwenye spika, kwa hivyo nilisikia yote nikiwa nusu usingizini.

"Habari ya asubuhi, mama. Naulizia hiyo nafasi. Bado iko?"

Ni lazima ujue kwamba chumba namba nne kilikuwa kitupu tangu Desemba.

"Iko," akasema Mama Kuku, sauti imechangamka. "Elfu nne kwa mwezi."

Kimya kidogo. "Elfu nne? Na chakula?"

"Chakula utajipikia. Na utalipa dipoziti ya mwezi mmoja kwanza."

"Mama, nikufanyie kazi kwa elfu nne, halafu mimi ndiye nilipe dipoziti?"

"Kazi gani? Kwani hutaki kulala?"

"Aa, ni ya usiku! Hapo sawa. Nimewahi kuwa bawabu."

"Basi njoo mapema ujionee. Wengi wanakitaka." Hakuna aliyekuwa amekitaka, lakini hivyo ndivyo watu hupangisha.

Simu ya pili ikaja, ya tatu, ya saba. Wote aliwajibu vivyo hivyo: iko, njoo mapema. Kwa simu ya tano chumba kilikuwa kimefika elfu nne na mia tano. Mimi nikajifunika blanketi nikifurahi kwamba mama wa watu hatimaye amepata mpangaji. Sikuunganisha. Usingizi wa alfajiri hauna kanuni ya ukaribu.

Niliamshwa saa moja na sauti za watu. Nilipotoka na simu yangu ya kupiga picha, nilikuta kama watu thelathini, wengi na bahasha za kaki. Mmoja alikuwa amevaa tai. Na kwa kuwa Wakenya wanane hawawezi kusimama pamoja bila wa tisa kuanza kuandika majina, kulikuwa tayari na bwana mmoja wa makamo, daftari mkononi na kalamu sikioni. Hakuna aliyemteua.

"Kijana, usisukume. Jina?"

"Mimi ninakaa hapa."

"Hata wa hapa hufuata foleni. Jina?"

Nikawa namba thelathini na moja katika foleni ya bango langu mwenyewe.

Nilipanda juu ya jiwe nikaamua kusema kweli. Nikawaambia hii si kazi, huu ni mradi wa shule. Neno hili halimaanishi nafasi ya kazi, linamaanisha nafasi iliyoachwa, huu weupe wote mnaouona hapa, unaozidi hata maandishi.

Dada mmoja mbele akasogeza bahasha kifuani. "Kwa hivyo nafasi ni nyingi?"

"Zote hizo!" mwingine akadakia nyuma.

"Nimesema ni weupe..."

"Ni kampuni ya Wazungu," mwenye tai akawafafanulia wenzake.

Nikaona maneno yamenishinda, nitatumia taaluma. Nikajaribu kubandua bango. Kona moja ilichanika na kipande cha rangi ya geti kikaja nayo, nikaacha haraka. Basi nikachukua biro na juu ya NAFASI nikaandika *hakuna*. Nilirudia kila herufi mara mbili, ili wino ushike, nikarudi nyuma, nikangoja watawanyike.

Hakuna aliyeondoka. Biro ya shilingi ishirini kando ya Helvetica nene ya pointi 144 ni omena chini ya tumbo la mbuta. Watu watatu zaidi walifika wakati huo huo. Wote waliangalia bango, wote wakasoma NAFASI, wote wakaandikishwa. Aliyeona maandishi yangu ni bwana wa daftari peke yake, aliyeinama karibu kabisa, akanyanyuka taratibu na kuwageukia wenzake.

"Mmeona? Jana zilikuwepo. Asubuhi hii huyu kijana anaandika hakuna kwa biro. Nafasi zimepewa watu wa ndani."

Pakachafuka. Mtu akasema ndivyo ilivyo kila mahali. Mwingine akataka kujua mimi ni mtoto wa nani. Mwenye tai akaniuliza, kwa ustaarabu uliouma kuliko kelele, kama mimi mwenyewe nilifanyiwa usaili.

Hapo geti likafunguliwa. Mama Kuku alitoka akiwa amevaa gauni lake la kanisani, amejiandaa kumpokea mpangaji wa chumba namba nne. Akatazama foleni. Akatazama bahasha. Kisha akazunguka upande wa nje wa geti akatazama kilichobandikwa, na chini yake namba yake ya simu. Alisoma kimya kwa muda mrefu kuliko neno moja linavyohitaji.

Hakuniambia kitu. Aliingia ndani akatoka na kipande cha makaa, akalikabili bango, na kwa mistari kumi na kitu hivi akaandika HAKUNA, kutoka ukingo mmoja mpaka mwingine. Herufi zilikuwa na urefu wa shibiri nzima. Hakupima chochote. Katikati pakabaki weupe wa kutosha, na pale chini NAFASI yangu ikakaa kama mtoto aliyekemewa.

Watu walisoma mara moja tu. Ndani ya dakika tano barabara ilikuwa na kuku peke yao, na bwana wa daftari.

"Mama," akasema, "na hicho chumba ulichokuwa ukisema kwenye simu?"

Akakichukua siku hiyo hiyo, kwa elfu nne. Mpaka leo yuko namba nne. Ndiye huandika majina maji yakikatika na foleni ya mitungi ikianza bombani, na tukikaa siku tatu bila kukatika huwa mnyonge.

Picha niliipiga hivyo hivyo, makaa yakiwa juu, kwa sababu saa nane ndiyo ilikuwa mwisho wa kuwasilisha. Mwalimu aliyapita mabango manne ya kwanza bila maneno mengi. MDENI wangu akapata tano kwa kumi. Alisema hata kwa mbali bado analipenda duka. Kwenye la tano alisimama.

"Hili neno la juu umetumia fonti gani?"

"Makaa, mwalimu."

"Ya nani?"

"Ya mwenye ploti."

Akanipa tisa. Moja aliitoa kwa sababu ya *hakuna* ya biro, iliyokuwa bado inaonekana ukiikaribia, na pembeni akaandika: "Hii ya nini?"

Bango lilipobanduliwa lilitoka na rangi, na rangi ilitoka na tangazo la kuku, lote, pamoja na makanga. Hukumu ilikuwa nilichore upya kwa gharama yangu. Ijumaa jioni nikapima geti kwa futi, nikachora mistari kwa chaki, nikahakikisha ile I ina pa kukaa. Mama Kuku alileta kigoda na kikombe cha chai, akakaa nyuma yangu. KUKU ikapita. WA ikaandikwa. Nikasikia kikombe kinawekwa chini.

"Nyathina, hiyo W na hiyo A."

"Zina nini, mama?"

"Zimekosana. Zipatanishe."

Nikarudi nyuma nikaangalia. Kweli zilikuwa mbalimbali. Nikafuta A kwa kiganja, nikaisogeza.

"Sasa sawa. Na usiweke maua, wala usijaze mpaka kwenye bawaba kama yule mpwa wangu. Acha nafasi." Akanyamaza, akachungulia barabarani kushoto, akachungulia kulia. "Lakini hilo neno usiliandike."