Miaka Mitano Haitoshi Kumpata Mhadhiri wa Uuguzi

Mpango mkakati wa shule ya uuguzi ya chuo kikuu mara nyingi huanza na namba ya udahili. Leo tuna wanafunzi 120, baada ya miaka mitano tuwe na 300. Hufuata majengo, maabara ya stadi, programu mpya za uzamili, na huko kurasa za mwisho kabisa, kifungu kifupi kuhusu kuendeleza wafanyakazi. Naona mpangilio huo umekaa kichwa chini miguu juu, na ndio unaofanya ubishi wa siku zote kuhusu mipango mirefu uzunguke palepale. Wapo wanaosema uuguzi haupangiki kwa miaka miwili miwili. Wapo wanaosema mpango wa miaka kumi ni wa kuwekwa kabatini, kwa kuwa mambo hubadilika kabla wino haujakauka. Pande zote mbili zina ushahidi, tena mzito.

Nianze na upande ninaouelemea. Mhadhiri wa uuguzi anapatikanaje? Kijana anaingia mwaka wa kwanza leo. Shahada ya kwanza itamchukua miaka mitatu au minne. Anatakiwa akae wodini miaka miwili au mitatu walau, aonje zamu za usiku na ajue mgonjwa anavyobadilika ghafla alfajiri, kwa sababu hakuna anayeweza kufundisha kazi asiyoifanya. Uzamili ni miaka miwili. Uzamivu ni mitatu hadi mitano, na wengi huusoma huku wakifanya kazi, hivyo huvuka hapo. Jumla ni miaka kumi hadi kumi na minne, ikiwa hakuna kilichomkwamisha njiani. Mpango wa miaka mitano kwa hiyo humwona katikati ya safari yake tu. Shule ikigundua leo kwamba itapungukiwa wahadhiri baada ya miaka mitano, imeshachelewa. Itabaki kuwavuta kutoka shule nyingine, ambayo nayo itavuta kwingine.

Marekani imeuona uchungu huo kwa namba. Mwaka 2021 shule za uuguzi za ngazi ya shahada na zaidi ziliyakataa maombi zaidi ya 90,000 ya watu waliotimiza sifa. (Ni maombi, si vichwa: mtu mmoja huweza kuomba shule kadhaa.) Sababu zilizotajwa na shule zenyewe ni uhaba wa wahadhiri, wa nafasi za mafunzo kwa vitendo, wa madarasa na wa fedha. Watu wa kusoma walikuwapo, na wagonjwa wa kuwahudumia walikuwapo. Kilichokosekana ni wa kuwafundisha na mahali pa kuwafundishia, yaani vile vitu viwili ambavyo haviagizwi dukani.

Wakati huohuo shinikizo la kuongeza udahili ni la haki kabisa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria katika ripoti yake ya 2025 kwamba mwaka 2023 dunia ilikuwa na wauguzi milioni 29.8 na upungufu wa milioni 5.8, upungufu unaotarajiwa kushuka hadi milioni 4.1 ifikapo 2030. Waziri wa afya anayezisoma namba hizi akaiambia shule ipokee wanafunzi mara mbili hafanyi kosa. Kosa hutokea pale shule inapojibu ndiyo bila kuhesabu.

Historia ya taaluma hii ilishatoa onyo. Kwa miongo mingi hospitali za Marekani ziliendesha shule zao wenyewe, na idadi ya wanafunzi ilifuata mahitaji ya wodi: vitanda vikiongezeka, wasichana zaidi wanaandikishwa, na kujifunza kunakuwa baada ya kazi. Ripoti ya Josephine Goldmark ya mwaka 1923 iliuanika utaratibu huo na kudai elimu ya uuguzi isimame kama elimu. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Yale kilifungua shule ya uuguzi yenye mkuu wake na bajeti yake, kwa msaada wa Taasisi ya Rockefeller. Leo wanafunzi huandikishwa kwa ajili ya ada badala ya vitanda, lakini namba bado inatoka nje ya darasa, na darasa ndilo linalobanwa.

Sasa upande wa pili, ambao nisingependa upuuzwe.

Uingereza iliamua kwamba kufikia mwaka 2013 kila anayeanza kusomea uuguzi asome shahada. Shule zilijipanga kwa hilo. Mwaka 2017 serikali ikaondoa ruzuku ya masomo kwa wanafunzi wapya wa uuguzi huko England na kuwapeleka kwenye mikopo, na waombaji wakapungua kwa zaidi ya moja ya tano katika mzunguko uliofuata. Mwaka 2020 ikarudisha msaada wa angalau pauni 5,000 kwa mwaka, ambao mwanafunzi harejeshi. Hebu fikiria shule iliyoandika mpango wa miaka kumi mwaka 2012. Makadirio yake yote ya udahili yalivunjwa mara mbili na maamuzi ambayo haikushirikishwa. Na mwaka huo wa 2020 ugonjwa wa UVIKO-19 ukafunga wodi kwa wanafunzi katika nchi nyingi, masomo yakahamia mtandaoni ndani ya wiki chache. Hakuna mpango mkakati uliokuwa na ukurasa wa jambo hilo.

Kuna mfano mwingine ambao wakosoaji huupenda. Mwaka 2010 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilipendekeza asilimia 80 ya wauguzi wa nchi hiyo wawe na shahada ya kwanza ifikapo 2020. Mwaka ulifika, lengo halikufikiwa. Hapo mimi naachana nao kidogo. Sehemu ya wenye shahada ilipanda kutoka karibu nusu, na ilipanda kwa sababu hospitali na vyuo vilikuwa na shabaha ya kuielekea. Lengo lililopitwa na tarehe yake limeacha kitu nyuma yake. Hata hivyo nakubali kwamba shule iliyojenga madarasa kwa kuamini ile asilimia 80 ilibeba hasara halisi.

Nikizitazama hoja hizi mbili pamoja, naona kwamba watu wanabishana juu ya vitu tofauti. Kilichovunjika England ni makadirio ya waombaji na ya ada. Kilichovunjika 2020 ni njia za kufundishia. Hivyo ni vya kupangwa kwa mwaka mmoja au miwili na kurekebishwa bila aibu, pamoja na programu za kompyuta, maudhui ya mitaala na kozi fupi. Umri wa wahadhiri haukubadilishwa na ruzuku wala na ugonjwa. Mhadhiri aliyekuwa na miaka 54 mwaka 2012 alikuwa na 62 mwaka 2020, kama ilivyojulikana tangu mwanzo. Ndiyo maana nasema ukurasa wa kwanza wa mpango uwe orodha ya walimu: nani yupo, anafundisha nini, atastaafu lini, nani anaandaliwa kushika somo lake, na huyo anayeandaliwa amefika wapi. Orodha hiyo haihitaji mshauri wa kukodiwa. Inahitaji ujasiri, kwa kuwa mara nyingi itaonyesha kwamba masomo kama uuguzi wa afya ya akili au wa watoto wachanga yanabebwa na mtu mmoja.

Ukiipata orodha, bado hujamaliza. Vyuo vikuu hupandisha vyeo kwa machapisho. Hospitali huthamini mikono na macho ya mtu aliye wodini. Mhadhiri wa uuguzi amesimama kati ya mizani hizi mbili, na akitaka cheo atapunguza wodi, mpaka siku moja wanafunzi wanamzidi kuijua mashine mpya ya kupima dawa za mshipa. Suluhisho linalotajwa sana ni ajira ya pamoja: siku kadhaa chuoni, siku kadhaa hospitalini, mshahara ukigawanywa na taasisi zote mbili. Ninalipenda wazo hili, na najua kasoro yake. Kila bosi kati ya hao wawili humwona mtumishi huyo kama wake mzima, na anaishia kufanya kazi moja na nusu. Mkataba usipotaja saa, na kigezo cha kupandishwa cheo kisipohesabu kazi ya wodini kama kazi ya kitaaluma, wahadhiri wazuri wataikimbia ajira hiyo.

Nafasi za mafunzo kwa vitendo nazo zina hesabu isiyobembelezeka. Umoja wa Ulaya unataka muuguzi wa huduma za jumla apate angalau saa 4,600 za mafunzo, na nusu yake au zaidi iwe ya kliniki. Hizo ni saa 2,300 kwa mwanafunzi mmoja. Wanafunzi mia moja ni saa 230,000 kando ya kitanda, na kila saa inamhitaji muuguzi anayeangalia, anayesahihisha, anayejibu swali wakati yeye mwenyewe ana wagonjwa wake. Ukipandisha udahili hadi 200 wodi haziongezeki. Kinachoongezeka ni wanafunzi wanane kumzunguka mgonjwa mmoja, wawili wakishika na sita wakitazama.

Wanaotetea ukuaji wa haraka hujibu kwa mafunzo ya kuigiza, yaani wodi za mazoezi zenye sanamu zinazopumua na kutoa mapigo ya moyo. Hawabahatishi. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2014 na baraza la kitaifa la mabodi ya uuguzi la Marekani ulifuatilia wanafunzi wa programu kumi, ukakuta kwamba hadi nusu ya saa za kliniki zinaweza kubadilishwa na kuigiza bila tofauti ya maana katika matokeo. Lakini masharti ya utafiti ule yalikuwa walimu waliofunzwa mahususi, na mazungumzo ya kina na wanafunzi baada ya kila zoezi. Kwa hiyo tumerudi kwa mwalimu. Sanamu ya gharama kubwa isiyo na mkufunzi hulala kwenye boksi lake, na shule isidhani kwamba imenunua njia ya mkato.

Kwa nini nisisitize ubora namna hii wakati dunia ina upungufu wa mamilioni? Mtafiti wa uuguzi Linda Aiken na wenzake walichapisha mwaka 2014 matokeo kutoka hospitali 300 za nchi tisa za Ulaya, wagonjwa 422,730 wa upasuaji. Kila sehemu ya wauguzi wenye shahada ilipopanda kwa pointi 10 za asilimia, uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30 ulikuwa pungufu kwa asilimia 7. Kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi uliupandisha kwa asilimia 7. Utafiti wa aina hii huonyesha mambo yanayoandamana, hauthibitishi peke yake kwamba moja limeleta lingine. Ila angalia jinsi unavyozipa pande zote mbili sehemu yake: elimu ya muuguzi ina uzito, na idadi ya wauguzi nayo ina uzito uleule.

Linabaki suala la nani anaulinda mpango. Mkuu wa shule hukaa madarakani muhula mmoja au miwili, na mwanafunzi wa uzamivu aliyetumwa na mkuu huyu atarudi chini ya mkuu mwingine. Ningependa seneti ya chuo iwe ndiyo inayopokea ile orodha ya walimu kila mwaka, ili anayeingia asiweze kuifuta kimyakimya na kuanza na jengo lenye jina lake.

Na kuna uamuzi mmoja ambao sijaona mpango ukiutamka waziwazi. Shule ndogo yenye wahadhiri kumi na wawili ikimtuma mmoja masomoni kwa miaka minne, kumi na mmoja wanabeba mzigo wake. Ikiwatuma wawili, lazima udahili usimame palepale, pengine upungue. Miaka hiyo minne kutakuwa na vijana wenye sifa watakaoambiwa hakuna nafasi, na wodi zitakazoendelea kungoja wauguzi ambao hatukuwadahili. Bado ningewatuma wote wawili, na ningeiandika gharama hiyo katika mpango kwa idadi ya wanafunzi, mwaka kwa mwaka, ili waziri na wazazi waione kabla sijaombwa maelezo.