Cork wanakumbuka kila duka lililochomwa, sisi hatujui hata Kimathi kalazwa wapi

Juzi dereva wa teksi hapa Cork, Ireland, mzee wa makamo, aliposikia natoka Kenya akaacha stori za mvua akaanza kunionyesha majengo ya Patrick Street, hili lilichomwa, lile pia lilichomwa, Desemba 1920, anaongea utadhani alikuwepo. Nilimsikiliza kwa raha halafu nikapandwa na hasira, si kwake, ni kwetu.

Ilikuwa hivi: wakati Waayalandi wakipigania uhuru kutoka kwa Mwingereza, tarehe 11 wapiganaji wao, IRA, walivizia malori ya Auxiliary, askari wa Mwingereza, pale Dillon's Cross, askari mmoja akafa, usiku huo huo wenzake wakaingia mjini na petroli, City Hall na maktaba ya Carnegie zikateketea. Na vita yote ilikwenda hivyo hivyo, mji wa Balbriggan ulishachomwa Septemba, wakiviziwa wanachoma, wakishachoma wananchi wanazidi kuwachukia. Mwingereza ana jeshi kubwa lakini hawamalizi hawa vijana, vijana nao risasi zinawaishia lakini hawasalimu amri. Kuanzia Januari 1921 kubomoa nyumba za watu kukawa adhabu rasmi ya jeshi, na bado wapi. Julai wakasitisha mapigano.

Mkenya nani anahitaji kuelezwa maana ya kuadhibu kijiji kizima? Serikali ni ile ile ya Mwingereza.

Najua mtasema nimekula viazi vya wazungu sasa nawadharau. Sidharau mtu, mimi najivunia wazee walioingia msituni na bunduki za kujitengenezea. Na Waayalandi si malaika, 1922 waligeukiana wakauana wao kwa wao. Lakini Kevin Barry, kijana wa IRA, alinyongwa jela ya Mountjoy 1920 akiwa na miaka 18, akazikwa ndani ya jela, na 2001 serikali ikamfukua yeye na wenzake tisa ikawazika kwa heshima zote za kitaifa. Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alinyongwa gereza la Kamiti Februari 1957. Mama Mukami aliomba mifupa ya mumewe serikali hadi serikali, akafariki 2023 hajamzika. Mau Mau yenyewe ilibaki marufuku mpaka 2003, miaka 40 baada ya kupandisha bendera yetu!

Kuna atakayesema mkoloni ndiye aliyemficha. Sawa, na Barry alizikwa na nani? Kamiti iko mikononi mwetu tangu uhuru, funguo tunazo sisi.