F-1 au J-1, bibi akibaki kwanza Lubumbashi

Jirani yangu wa Kamalondo amepata nafasi ya shahada ya pili Marekani, na chuo kitamlipia sehemu kubwa ya masomo. Kwa hiyo anaweza kuchagua viza ya F-1 (ya mwanafunzi) au J-1 (ya programu za kubadilishana). Anayejilipia mwenyewe J-1 hapewi. Bibi yake wa ndoa, muuguzi, atamfuata baadaye. Rafiki zake wanamsukuma achukue F-1. Mimi nasema aanze kwa kuuliza bibi ataishije kule.

F-1 ina faida kubwa: akimaliza, anaweza kuomba kufanya kazi ya fani yake miezi 12, na watu wa sayansi na uhandisi wanaweza kuongezewa 24. Lakini bibi atapata F-2, na mwenye F-2 haruhusiwi kazi yoyote ya mshahara. Kusoma anaweza, ila si kwa muda wote. Mama aliyezoea kushika zamu za usiku na kulipia wadogo zake shule, akae chumbani miaka miwili akingoja bwana atoke darasani? Naogopa sana hapo. Ndoa inachoka.

Bwana akichukua J-1, bibi atapata J-2, na mwenye J-2 anaweza kuomba kibali cha kazi akishafika (leseni ya uuguzi ni safari nyingine). Ila mshahara wake hauhesabiwi katika pesa za kumtunza bwana, basi hesabu itimie bila huo. Tena masomo yakilipwa na serikali, kama Fulbright, wote wawili wanafungwa na sharti: warudi Kongo miaka 2 kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu, isipokuwa wakisamehewa. Kuna pia orodha ya fani zinazoleta kifungo hicho, hivyo aulize chuo kabla ya kusaini. Asipofungwa, mimi ningechukua J-1.

Kinachonisumbua zaidi ni karatasi. Walinionyesha daftari la mahari: mbuzi, vitenge, koti la baba mkwe, kila kitu kimewekwa alama. Komine, yaani ofisi ya manispaa inayoandikisha ndoa, hawajafika. Konsula anayetoa viza hasomi daftari. Anataka cheti cha ndoa, na Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987 nayo inadai ndoa ya kimila iandikishwe.

Halafu wapo wanaomshauri ajiandike hajaoa ili apite haraka. Asithubutu! Bibi akiomba viza mwaka kesho, uongo utaonekana, na uongo kwa konsula unaweza kumfungia mlango wa Marekani maisha yake yote.

Kesho asubuhi wanaenda komine na mashahidi wao.